Mkebe wa Maziwa na Mpini wa Jembe: Mafunzo Niliyopata Kuhusu Joto

Asubuhi moja ya Julai mkebe wangu wa maziwa ulikataliwa kwenye kituo cha kupokelea maziwa. Kijana wa kupima alichota kidogo, akachanganya na alkoholi, akatikisa, na papo hapo vitonge vyeupe vikaganda kwenye kioo cha chupa. "Mwalimu, haya yameshaanza kuchacha," akaniambia kwa sauti ya chini ili wenzangu kwenye foleni wasisikie. Lita 45. Niliufunga mkebe tena kwenye bodaboda, na kutoka pale hadi nyumbani nilikuwa nikipiga hesabu kichwani, hesabu ambayo wiki ile ile nilikuwa nimewaandikia Kidato cha Tatu ubaoni.

Kwetu ni Runyenjes, Embu, ila miaka yangu mingi ya kufundisha fizikia imepita upande wa Nkubu, Meru. Kufika huko unavuka Thuci, unapita Chuka, unashuka bonde la Nithi na kupanda tena, kisha Chogoria na Igoji, na mlima uko kushoto kwako safari nzima, uwe wazi au umejifunika mawingu. Haya ninayoandika niliyapata kwenye njia hiyo, jikoni, zizini na darasani, wakati mitihani yote ya fizikia nilikuwa nimeshaipasi zamani.

1. Neno moja linabeba vitu viwili

Kwa Kiswahili cha kila siku tunasema joto tu. Leo kuna joto, mtoto ana joto, chai imepoteza joto. Hakuna kosa. Shida huanza darasani, mwanafunzi anapodhani kwamba kitu chenye nyuzi nyingi lazima kiwe na joto jingi.

Mfano wa kuwatoa hapo niliupata siku niliyopeleka lango kwa fundi wa jua kali mjini Nkubu. Alikuwa akikata chuma kwa grainda, cheche zikimrukia mikononi, na wala hakushtuka. Cheche kama hizo hupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Hatua chache kutoka hapo mama muuza chai alikuwa na sufuria ya maji ya nyuzi 80 hivi, na fundi yule yule aliizunguka kwa mbali kila alipopita. Alijua anachokifanya. Cheche ina halijoto ya juu sana, lakini ni chembe ya chuma isiyofikia hata punje ya chumvi, kwa hiyo joto inaloweza kukuachia ngozini ni dogo mno. Sufuria ina nyuzi chache, lakini maji ni mengi, na yangemwagika yangempa joto la kumlaza hospitali.

Halijoto ni ukali, na tunaupima kwa nyuzi. Joto ni nishati inayohama, kutoka penye halijoto ya juu kwenda penye halijoto ya chini, na tunaipima kwa juli. Wanasayansi wenyewe walichelewa kuvitenganisha. Ilikuwa karibu mwaka 1760, huko Glasgow, ndipo Joseph Black alipoona kwamba barafu inayoyeyuka huendelea kunywa joto huku kipimajoto kikiwa kimesimama pale pale kwenye sifuri. Joto linaingia, nyuzi hazipandi. Vingekuwa kitu kimoja, jambo hilo lisingewezekana. Zamani mimi nililipita somo hili kwa dakika tano nikakimbilia fomula. Siku hizi nalipa kipindi kizima, na nalifundisha kwa maneno haya mawili ya Kiswahili hata kama mtihani unakuja kwa Kiingereza.

2. Vikikutana, vitapatana

Sasa nirudi kwenye mkebe. Jioni ya kuamkia asubuhi ile nilikamua ng'ombe wawili mapema, nikapata lita 30, nikauweka mkebe kwenye hodhi la maji ya mfereji yanayotoka mlimani. Kufikia saa mbili usiku maziwa yalikuwa yameshuka hadi nyuzi 15. Ng'ombe wa tatu alichelewa kukamuliwa. Alitoa lita 15, bado zina joto la kiwele, nyuzi 36. Nilikuwa nimechoka na sikutaka kutafuta mkebe mwingine gizani. Nikayamimina juu ya yale yaliyopoa, nikafunika, nikautoa mkebe hodhini na kuuweka stoo, tayari kwa bodaboda wa alfajiri. Nilijiambia kwamba ya baridi ni mengi, yatayapoza haya machache.

Yaliyapoza kweli. Lakini na yenyewe yalipashwa. Joto lililotoka kwenye maziwa ya moto halikupotea; liliingia kwenye maziwa ya baridi, juli kwa juli. Lita 30 mara nyuzi 15 ni 450. Lita 15 mara nyuzi 36 ni 540. Jumla ni 990, gawanya kwa 45, unapata 22. Hapo pande mbili zilikutana, na hapo zilikaa karibu usiku kucha ndani ya mkebe uliofunikwa. Nyuzi 22 zinawafaa sana bakteria wa maziwa. Vituo vya kupoza hushusha maziwa hadi nyuzi 4 kwa sababu hapo bakteria huzubaa wasiongezeke haraka.

Kufikia mahali ambapo joto haliendi tena upande wowote ndiko kunakoitwa msawazo wa joto, na wanafunzi wengi huchanganyikiwa hapa, kama nilivyochanganyikiwa mimi. Kinacholingana ni halijoto. Ndani ya mkebe ule, zile lita 30 bado zilibeba nishati mara mbili ya zile 15. Nyuzi ndizo zilizopatana.

Kwangu sasa maziwa ya moto hayachanganywi na yaliyopoa. Kila mkebe unakaa hodhini peke yake, maji yakipita, na ninakoroga maziwa kila baada ya muda, maana maziwa ya katikati yako mbali na maji ya nje na yakiachwa hivyo huchelewa kupoa.

3. Mkono hauhesabu nyuzi

Jembe lililolala stoo, asubuhi ya Julai, saa kumi na mbili. Shika mpini, halafu shika chuma. Yeyote aliyelima Meru anajua chuma kinavyouma.

Nilipeleka jembe hilo darasani nikawauliza wanafunzi 48 kipi kina halijoto ya chini. Wote wakasema chuma. Tukafunga vipimajoto viwili kwa utepe, kimoja kwenye chuma, kingine kwenye mpini, tukaliacha jembe juu ya meza ya nyuma tukaendelea na mambo mengine. Tuliporudi, vyote viwili vilisoma 14. Msichana mmoja wa dawati la mbele alikataa kabisa. Akainuka, akagusa chuma, akagusa mpini, akagusa chuma tena. "Mwalimu, hiki kipimajoto kinadanganya."

Nilimpenda kwa kukataa kwake. Ngozi ya kiganja ina nyuzi kama 33. Ikigusa kitu cha nyuzi 14, joto linaanza kuhama kutoka kiganjani. Kwenye mbao linaishia hapo juu juu. Sehemu uliyoishika inapata joto mara moja na safari inapungua. Chuma hupitisha joto mara mamia kuliko mbao, kwa hiyo kila kinachoingia kinasambaa ndani na kuacha nafasi ya kingine. Kiganja kinahisi jinsi joto linavyokitoka haraka, na ubongo unaita haraka hiyo baridi.

Chukua jembe lile lile, lishushe hadi Siakago huko Mbeere, uliache juani hadi saa saba mchana. Sasa chuma kinachoma na mpini unashikika. Sababu kubwa ni ile ile, joto limegeuza upande tu.

4. Kipimajoto hujipima chenyewe

Mwanangu wa pili alipokuwa na miaka miwili alishikwa na homa. Tulimpeleka zahanati, foleni ilikuwa ndefu, na aliyempima alikitia kipimajoto cha kioo kwapani na kukitoa baada ya muda mfupi sana. Kilisoma 37.1. Tukaambiwa turudi nyumbani tumpe maji ya kutosha. Usiku ule mama yake alimpima tena kwa kipimajoto chetu, cha kioo vilevile, akakiacha dakika tano kamili huku akimwimbia. Kilisoma 39.4. Ilikuwa nimonia. Alipona, na sasa yuko shule ya msingi.

Mimi nilikuwa nimesimama pale zahanati nikitazama, na sikusema neno, ingawa nilijua. Kioo kilichotoka kwenye trei kina halijoto ya chumba. Namba unayoisoma ni halijoto ya kipimajoto chenyewe. Inakuwa ya mtoto pale tu viwili hivyo vimepatana, na kupatana kunahitaji muda. Kipimajoto cha zebaki kwapani kinataka dakika kadhaa. Vya kisasa vya betri hulia vinapoona namba imetulia, lakini vikitolewa kabla havijalia, mambo ni yale yale.

Kuna sheria nzima ya fizikia inayosimama juu ya jambo hili. Kitu cha kwanza kikiwa kimepatana na kipimajoto, na kitu cha pili kimepatana na kipimajoto hicho kikiwa kwenye namba ile ile, basi vitu hivyo viwili vimepatana hata kama havijawahi kugusana. Wanafizikia waliona ni ya msingi kuliko sheria walizokuwa wameshazipa namba 1 na 2, wakaiita Sheria ya Sifuri. Kitabuni inaonekana ni jambo la wazi lisilohitaji kusemwa. Kwangu mimi tangu usiku ule ina sura ya mtoto.

5. Kuchochea moto hakuivishi githeri haraka

Hili nililibishania na mama yangu kwa likizo mbili.

Mama hupika githeri, mahindi na maharagwe, kwa kuni, mafiga matatu, sufuria kubwa. Maji yakichemka huongeza kuni, sufuria itokote hadi kifuniko kiruke, kwa kuamini kwamba moto mkali ndio unaoivisha. Nilimwomba aniruhusu nitie kipimajoto changu cha maabara ndani ya sufuria. Akaniambia kwanza nikioshe. Povu likitokota kwa nguvu, kipimajoto kilisoma 95. Tukaondoa vipande vitatu vya kuni, moto ukatulia, maji yakabaki yakichemka polepole. Bado 95.

Maji yanayochemka hayapandi tena. Joto lote unaloongeza linaenda kuyageuza kuwa mvuke, na kazi hiyo ni ghali kupita kiasi. Kupasha lita moja kutoka nyuzi 15 hadi 95 kunahitaji kilojuli 336 hivi. Kuigeuza lita hiyo hiyo iwe mvuke wote kunahitaji takriban 2,260, karibu mara saba. Kuni zile za ziada zilikuwa zikitoka jikoni kama wingu, na mahindi yalikuwa yakiiva kwa nyuzi 95 zile zile.

Mbona si 100, mama akauliza, maana hiyo namba anaijua tangu shule. Kwa sababu ya mlima. Kadiri unavyopanda, hewa inayokandamiza maji inapungua, na maji huchemka mapema. Mombasa ni 100. Embu mjini, kwenye mita 1,350 hivi, ni kama 95.5. Meru mjini, juu ya mita 1,500, ni 95. Kambi iliyo karibu na lango la Chogoria, mita 3,000, ni 90, na kileleni Lenana, mita 4,985, maji yanachemka kwenye nyuzi 84 hivi na maharagwe yangekaa motoni siku nzima. Kama kanuni ya haraka, toa nyuzi moja kwa kila mita 300. Ndiyo maana sufuria ya presha inawafaa sana watu wa milimani: inafungia mvuke, shinikizo linapanda, na maji yanafika nyuzi 115 au zaidi kabla ya kuchemka.

Mama hakunipa ushindi wowote kwa maneno. Lakini nilipokuja Desemba, sufuria ya githeri ilikuwa imekaa juu ya moto mdogo, na kifuniko kimewekewa jiwe.

6. Blanketi halitoi joto, jani la mgomba halitoi baridi

Nenda Maua, Laare au Kangeta asubuhi, uwatazame wanaofunga miraa ya Nyambene. Huchumwa mapema, jua halijawa kali, matawi bado yana ubaridi wa usiku. Hupangwa vibunda, hufungwa kwa majani ya mgomba, na gari linaondoka kwa mwendo ambao watu wa njia ile wanaujua na kuuogopa. Kabla Uingereza haijaipiga marufuku mwaka 2014, miraa hii ilikuwa ikiuzwa London, ikifika kwa ndege ndani ya majani hayo hayo.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba jani la mgomba "lina baridi". Jani halina baridi ya kutoa. Linafanya kazi mbili. Kwanza, linachelewesha safari ya joto la nje kuingia ndani, pamoja na hewa iliyonaswa kati ya majani. Pili, linashikilia unyevu, na kila tone linalokauka kwenye jani huondoka na joto lake, ile gharama kubwa ya mvuke niliyoitaja jikoni kwa mama, sasa inalipwa kwa faida yetu. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa njia hiyo hiyo ya pili.

Blanketi ni hivyo hivyo. Ukilivisha jiwe blanketi halitapata joto kamwe. Ukimfunika mtoto, mtoto ndiye anayepasha, blanketi linachelewesha tu. Tulilijaribu shuleni: vipande viwili vya barafu vya ukubwa mmoja, kimoja kwenye sahani, kingine kimefungwa ndani ya sweta. Wanafunzi waliweka dau la peremende kwamba cha sweta kitayeyuka kwanza. Baada ya kipindi sahani ilikuwa na maji, na ndani ya sweta bado kulikuwa na kipande cha barafu.

Shangazi yangu wa Chuka ameligeuza hili kuwa chakula. Huchemsha maharagwe dakika thelathini, kisha huitia sufuria kwenye kikapu kilichojazwa vipande vya magodoro ya zamani, anafunika na kwenda shambani. Akirudi mchana yameiva, na hakuna kuni iliyowaka wakati huo.

7. Maji ni mazito kuyageuza

Tulipeleka wanafunzi kuona mabwawa ya Mto Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Masinga, saa nane mchana, walivua viatu wakakanyaga mawe na kuruka kwa kuungua, huku maji yakiwa ya kuburudisha. Jua lilipozama, mawe yalipoa haraka, na maji yalibaki na uvuguvugu. Kilo moja ya maji inataka juli 4,200 ili ipande nyuzi moja. Kilo moja ya jiwe inatosheka na kama 800. Hawakuhitaji nieleze zaidi.

8. Swali la mwanafunzi liachwe limalizike

Mwaka 1963 kijana wa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friza ilikuwa ikiisha, akatia mchanganyiko wake ukiwa bado wa moto. Wake uliganda kwanza. Jina lake Erasto Mpemba. Alimuuliza mwalimu kwa nini, naye akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lile lile mgeni wa shule, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, jaribio likafanywa, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishana hadi leo. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya na hawakuona ushahidi wa kutosha. Mabishano hayo hayanisumbui. Yanayonisumbua ni maswali ambayo mimi mwenyewe niliyakatiza katika miaka yangu ya kwanza, kwa sababu kipindi kilikuwa kinaisha.

Yule msichana wa jembe aliinua mkono wiki iliyofuata. "Mwalimu, umesema vitu vikikaa pamoja vinapatana. Sisi tumekaa humu tangu saa moja. Chumba kina 15. Mbona sisi tuna 37?"

Nilifunga kitabu. Mwili ulio hai haujapatana na chumba, nikamwambia, kwa sababu kila dakika unachoma chakula na kutoa joto, na chumba kinalipokea. Mtu aliyetulia hutoa wati karibu 100, kama balbu moja ya zamani. Akageuka akahesabu madawati. "Basi humu kuna balbu 48." Mwenzake akasema 49, na mwalimu.

Tulifunga madirisha na mlango, tukatundika kipimajoto ukutani mbali na watu, na nikamteua yeye awe anasoma kila baada ya dakika kumi. Nje kulikuwa na ukungu wa Julai umeshika uwanja. Uzi mwekundu ulianza 15. Ukafika 16, kisha 17. Mwisho wa kipindi cha pili alisimama kwenye kiti, pua karibu na kioo, akatangaza 19, na darasa zima likapiga makofi. Kisha kengele ikalia, mlango ukafunguliwa, wakatoka mbio kwenda kunywa uji. Yeye alibaki juu ya kiti, akiutazama uzi ukianza kushuka.